Picha Safi ya Mkanda wa Chiriku

Nyuma ya karakana ya mabasi,
Chumba namba sita.
Tarehe 9 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi kabla ya mengine yote. U hali gani huko, na kile kifua kinachokusumbua wakati wa baridi? Sisi tunasukuma siku. Mguu wangu bado unavimba kwa kusimama dukani kutwa nzima, lakini sijambo.

Mama ndiye hajambo nusu nusu. Daktari wa macho ametuambia bila kuzunguka kwamba jicho la kulia limekwisha, na la kushoto linaona mwanga tu. Chai anajimiminia mwenyewe, kidole kikiwa ndani ya kikombe, na ole wako umsaidie.

Umeniuliza mara mbili kama ile diski ya sinema yetu ya mapigano imefika, na picha ikoje. Imefika. Picha ni safi mno. Miaka yote ile hatukujua kwamba koti la stelingi, yule shujaa, ni la bluu. Kwenye mkanda wetu lilikuwa la kijani, na adui mkuu hakuwa na sura, alikuwa chenga tupu. Sasa hata jasho la puani unalihesabu.

Ningependa kuishia hapo, lakini sina tabia ya kukudanganya, na jambo hili limenikaa kooni wiki ya tatu sasa.

Unajua mama hana mashine ya diski, na ile deki ya zamani anaiendesha kwa kupapasa vitufe. Nikajifanya mjanja. Nikampelekea fundi redio diski yako pamoja na mkanda wa marehemu kaka yetu, nikamwomba ahamishie picha nzuri kwenye mkanda uleule, maana mipya haipatikani siku hizi. Fundi akaugeuzageuza, akanionyesha nyuma yake pale penye kijino ambacho kikivunjwa mashine inakataa kurekodi juu yake. Kilikuwa kimevunjwa.

"Dada, aliyekivunja hakutaka mkanda huu uguswe," akasema. "Una hakika?"

Nikamwambia azibe kwa selotepu, aendelee. Nilikuwa na haraka ya kurudi dukani.

Mdogo wangu, nilifikiria picha tu. Sauti sikuifikiria. Wewe unakumbuka kwa nini watu walimwita kaka Chiriku. Alipokuwa na banda la video, ndiye aliyeitafsiri sinema ile toka mwanzo hadi mwisho, na sauti yake ikaingia kwenye mkanda, pamoja na matani yake, kikohozi chake, na pale anapomkaripia mtu aliyekanyaga waya. Tangu tumzike, miaka miwili sasa, mama hakuwa akitazama sinema. Alikuwa akimsikiliza mwanawe. Nakaa naye chumba kimoja na sikuliona hilo, na mwenye macho ni mimi.

Nilimwekea mkanda Jumapili mchana. Watu wa kwenye sinema wakaanza kuzungumza lugha yao. Mama akainamisha kichwa, akangoja, kisha akaniuliza, "Chiriku anaanza lini?"

Nililia palepale, nikamweleza yote. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Wewe usijilaumu. Ulituma kitu kizuri, mimi ndiye niliyekiharibu.

Mkanda hatukuuzima, hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuinuka. Sinema ikaisha, kioo kikajaa chenga, halafu ile picha ya kijani ikarudi. Si unajua Chiriku alivyokuwa akianza na salamu ndefu, hata sinema yake ikachelewa kwisha kuliko hii ya diski? Kipande hicho cha mwisho fundi hakukifikia. Ni maneno machache tu: "Imekwisha, jamani. Msisukumane mlangoni. Na mama yangu kama yupo, anisubiri, tutaondoka pamoja."

Nimekinasa kwenye simu, nitakutumia. Nilimpa mama asikilize humo, akanirudishia. Anasema mwanawe haitwi kwa kubonyezwa. Kila mchana anauanza mkanda upya, anakaa saa mbili mbele ya picha safi asiyoiona, kwa lugha asiyoijua, mpaka zamu ya Chiriku ifike. Fundi ameniambia mkanda umechoka, kwa mwendo huu utakatika. Sijathubutu kumwambia.

Jana nilirudi mapema kwa ajili ya mguu. Nikamkuta ameketi mbele ya televisheni, amevaa viatu, mkoba mapajani. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Si amesema tutaondoka pamoja?" akanijibu.

Omba ruhusa kazini, mdogo wangu, uje. Huyu anafunga safari, na mimi peke yangu siwezi kumshika.

Shangazi anakusalimu, na fundi cherehani wa chumba cha pili bado anauliza kama umenenepa. Mama amesema nikuandikie kwamba picha ni nzuri sana na anakushukuru. Mungu akulinde uingiapo na utokapo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye na kukungoja.