Mkono Nyuma, Macho Mbele

Jumapili, 16 Juni 1996

Saa kumi alasiri, uwanjani, saa ya mazoezi. Mimi na filimbi yangu tu. Hakuna Marsela, hakuna Hana, hakuna Specioza, hakuna Kabula. Nimesubiri mpaka mbuzi wa jirani wakaanza kunizoea.

Nimewakuta kwa Masunga, kwenye kibanda chake cha video nyuma ya soko. Wote wanne, benchi la mbele, wanatafuna karanga! Jenereta linanguruma nje. Masunga amesimama kando ya televisheni, anafasiri Kiingereza. Kufasiri! Mtu wa kwenye kioo anasema maneno mawili, Masunga anahutubia kama diwani.

Ni mchezo wa mfululizo kutoka ng'ambo, habari za wanafunzi wa chuo na michezo yao. Kanda huja na treni ya Tabora, moja moja. Masunga amewabatiza wote majina ya hapa ili watazamaji wasipotee. Msichana mrefu ni Kija. Mwalimu wao wa riadha, mzee mwenye kitambi, ni Bwana Pontien. Nimetazama kidogo. Katika chuo kizima sikuona mtu aliyefungua kitabu. Wanakimbia, wanapendana, wanagombana, wanakimbia tena. Mmoja amefeli mtihani, akaenda kulia begani kwa rafiki yake. Aliyefeli alilie daftari lake!

Nimepuliza filimbi humo humo ndani. Wangu wametoka. Wametoka pia watu wazima kadhaa ambao sikuwaita – niliwafundisha darasa la tatu.

Jumatatu, 17 Juni 1996

Wamezunguka uwanja mpaka Hana akaomba radhi kwa niaba ya wote.

Zablon, katibu wa michezo wa kata yetu ya Kawajense, amekuja kututazama. Amenivuta pembeni. Watu wa kata ya Kibaoni wametushinda miaka miwili mfululizo. Nane Nane hii tukishindwa tena mbio za kupokezana vijiti, timu ya akina mama inafutwa. Jezi zetu watapewa vijana wa mpira. Nimemwambia timu si kibatari, haizimwi kwa kupuliza.

Akasema kwa upole: "Ni kibatari, Mwalimu. Na mafuta yamekwisha."

Upole wake umeniudhi kuliko maneno.

Wanne hawa hawashindwi mbio. Mmoja mmoja, hakuna wa Kibaoni wa kuwafikia. Tunashindwa kwenye kupokezana. Mpokeaji anageuka, anatazama, anapokea, ndipo anaanza kukimbia. Mwaka juzi kijiti kilianguka. Mwaka jana Specioza alikipokea vizuri sana – akiwa amesimama wima, kama anayepokea cheti.

Jumapili, 23 Juni 1996

Nimerudi kwa Masunga. Kwa ukaguzi. Lazima nijue kinachoniibia timu.

Masunga amenipisha kiti chake. "Karibu mtani! Leo nyie wala wali mtaona watu wanavyokimbia." Nimemjibu kwamba mfuata mikia ya ng'ombe hana la kumwonyesha mtu. Benchi zima likacheka. Kisha nikamsahihisha mara kadhaa, maana Bwana Pontien alisema wapumzike, yeye akawaambia watu kwamba mzee anatishia kuwafukuza chuo.

Halafu wakaingia uwanjani wasichana wanne wa kile chuo. Na kijiti.

Kija yuko mbele, anasubiri. Mwenzake anakuja kwa kasi. Kija hageuki! Anaanza kukimbia kabla mwenzake hajafika. Anatupa mkono mmoja nyuma, kiganja wazi. Mwenzake anapiga kelele. Kijiti kinatua mkononi. Hakuna aliyepunguza mwendo.

Nikasema: "Rudisha."

Akarudisha. Nikasema tena. Na tena. Watu wakaanza kunung'unika, mmoja akauliza kama tutafika kwenye sherehe ya chuo leo. Masunga akalalamika: "Mwalimu, mkanda utakatika!"

"Ukikatika utaunga. Rudisha."

Bwana Pontien hana mwili wa kukimbia hata hadi mlangoni. Lakini ni mwalimu. Nimemwondolea dharau.

Jumanne, 25 Juni 1996

Mazoezi kwa gunzi la mahindi, maana kijiti chenyewe kiko kwa Zablon. Sheria mpya: mkono nyuma, macho mbele. Anayeleta aseme "Shika!" Anayepokea asigeuke.

Hana kwenda kwa Specioza – vizuri. Specioza kwenda kwa Marsela – vizuri, baada ya matusi machache niliyojifanya sikuyasikia.

Marsela kwenda kwa Kabula – msiba!

Kabula ndiye mwepesi wetu kuliko wote. Ni mtoto wa wafugaji wa upande wa Ugalla, amekimbizana na ndama tangu ajue kutembea. Mwaka huu ndio mwaka wake wa kwanza nasi. Lakini ameolewa na Methusela baada ya Pasaka, na Methusela ni mtoto wa kwanza wa Marsela. Kwa hiyo anayemletea kijiti ni mama mkwe wake. Kwao mkwe hapewi kisogo. Kitu chake hupokelewa kwa mikono miwili, magoti yakiwa chini. Leo Marsela kafika kwa kasi, kasema "Shika!" – Kabula kageuka, kapiga goti, kanyosha mikono miwili. Marsela kamparamia, wote wawili wameviringika vumbini.

Marsela kutoka chini: "Mwanangu, ni gunzi hili! Si baraka za askofu!"

Kabula: "Samahani, mayu." Ndivyo kwao wanavyomwita mama. Bado yuko magotini.

Nimejaribu kuwatenganisha. Specioza kwenye kona anatoka nje kama baiskeli isiyo na breki. Hana hawezi kumaliza. Marsela ndiye mwenye kona, Kabula ndiye mwenye mwisho. Hakuna mpango mwingine.

Jumamosi, 29 Juni 1996

Magoti yale yale. Nimempeleka Kabula pembeni nimkaripie. Alinijibu akitazama chini. Kama tungekuwa sisi wenyewe tu, angejitahidi. Lakini siku ya Nane Nane baba yake, Mzee Manyanda, atakuja na ukoo mzima. "Mwalimu, akiniona nampa mayu kisogo mbele ya watu wote, atasema hakunilea. Atamwomba mayu radhi kwa ajili yangu. Baba yangu aombe radhi?"

Sikuweza kumkaripia. Ndivyo ninavyotaka binti ajibu.

Zablon anasema niweke mwingine. Nani? Yeye?

Jambo la adabu halivunjwi kwa filimbi. Ruhusa iombwe kwa mwenye kuitoa.

Jumapili, 7 Julai 1996

Siku ndefu. Niandike yote.

Mzee Manyanda amekuja mjini kwa ajili ya mnada. Baada ya misa, Marsela nami tumemfuata. Nilivaa gauni la misa. Marsela amebeba jogoo, maana haiwezekani kwenda mikono mitupu kuomba jambo kama hili.

Nimeeleza kwa utaratibu: mbio, kijiti, kona, mkono. Mzee amesikiliza akichora ardhini kwa fimbo. Kisha akauliza: "Mnataka binti yangu ampe mkwewe mgongo?"

Marsela akasema ni yeye mkwe mwenyewe anayetaka apewe huo mgongo. "Nimechoka kuangushwa, mkwe wangu! Goti hili halilali usiku!"

Mzee akasema mtu hawezi kujiondolea heshima mwenyewe, kama asivyoweza kujinyoa kisogo. Nikaona tumekwama. Jogoo naye amenyamaza.

Ndipo nikasema: "Twende, Mzee, ukaone kwa macho." Mimi! Nimempeleka mzee wa watu kwa Masunga, mchana wa Jumapili.

Masunga aliogopa aliponiona naye. Akaweka mkanda ule ule. Mzee Manyanda ameketi benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti. Alipofika Kija, na mkono nyuma, na mwenzake anapiga kelele, Mzee akainua fimbo: "Simamisha!"

Masunga akasimamisha.

"Huyu anayeleta. Ni nani wake huyu mrefu?"

Ni wanafunzi wawili wa chuo, wa umri mmoja. Kila aliyekuwa ndani anajua. Nimeutazama mkanda huu kuliko mtu yeyote Mpanda.

Masunga akakohoa. "Mama mkwe wake, mzee."

"Mbona kijana?"

"Huko kwao hawazeeki haraka, mzee. Maziwa."

Mzee akanigeukia. "Kweli, Mwalimu?"

Mimi ambaye sijamwachia Masunga kosa hata moja! Nikasema kwamba Masunga ndiye mfasiri.

Mzee akataka irudishwe. Akatazama kwa makini. Hatimaye akasema: "Mkwe mwenyewe ndiye anayepiga kelele ashike. Basi ameruhusu, na watu wamemsikia." Akafikiri tena. "Lakini hawa wamesahau jambo. Baadaye lazima akirudishe kile kijiti. Kwa mikono miwili. Binti yangu atakirudisha."

Marsela amepiga kigelegele ndani ya kibanda cha video. Jogoo amekwenda Ugalla.

Jumanne, 16 Julai 1996

Kimepita! "Shika!" – na kikapita! Kabula hakugeuka. Alipofika mwisho alirudi njia nzima mbio, akapiga goti, akamrudishia Marsela gunzi kwa mikono miwili. Tumefanya hivyo mpaka jua likazama. Gunzi limekatika vipande viwili. Zablon, tuletee kijiti, nimemwambia. Au tukimbie na mwiko.

Alhamisi, 8 Agosti 1996. Nane Nane

Tumeshinda! Tumeshinda! Tumeshinda!

Niandike kwa mpangilio.

Uwanja umejaa. Mashada ya mpunga, magunia, mizinga ya nyuki ya watu wa Ugalla, ng'ombe wa maonyesho mwenye utepe. Mistari imechorwa kwa majivu. Mzee Manyanda na ukoo wake wamekaa upande wa kona ya mwisho, mahali pale pale pa kupokezana.

Evarist, mwalimu wa timu ya Kibaoni, amekuja kunisalimu. Nilimfundisha. "Shikamoo, Mwalimu. Mtoto wa kwetu Mpimbwe, umetukimbia, unakunywa maziwa ya Kawajense! Mwaka huu tena tutawabeba kwa toroli."

"Marahaba, Evarist. Ulikuwa wa mwisho kwa hesabu. Leo utakuwa wa mwisho kwa miguu."

Hana alianza vibaya, woga. Akampa Specioza tukiwa wa tatu. Specioza alipokea akiwa tayari mwendoni, tukawa wa pili. Marsela akaingia kona. Yule mama huuza mchele akiwa ameketi wiki nzima, lakini mwonyeshe kona! Aliisogelea Kibaoni kidogo kidogo. Bado walikuwa mbele. Agatha, mkimbiaji wao wa mwisho, akageuka kutazama mwenzake, akasimama, akangoja.

"SHIKA!"

Waliokuwa kwenye mabanda ya mpunga walisikia. Kabula alikuwa amekwishaondoka. Mkono nyuma. Kiganja wazi. Hakumtazama mama mkwe wake, wala baba yake, wala mtu yeyote. Kikatua. Agatha alipomaliza kupokea na kugeuka, alichokiona ni kisogo. Akakiona mpaka mwisho!

Nimepuliza filimbi bila sababu yoyote.

Watu wamekimbilia kwenye utepe kumbeba Kabula. Hayupo. Ameshageuka, anarudi kinyume cha mbio, kuelekea kona. Watu hawakuelewa, wakampisha. Akamkuta Marsela amejishika kiuno, anahema. Akapiga goti kwenye majivu. Mikono miwili. Marsela akapokea kwa mikono miwili, akamnyanyua mkwewe juu kama mtoto.

Mzee Manyanda alisimama akawaeleza walio karibu naye, kwa sauti, wapende wasipende: hivi ndivyo inavyotakiwa, mkwe ameruhusu, heshima imerudi mahali pake, na hata ng'ambo hufanya hivi – amewaona kwa macho yake. Masunga alikuwa nyuma yake. Tulitazamana. Akatazama mbingu. Mimi nikatazama ng'ombe.

Evarist amenipa mkono. Ameshindwa kwa adabu. Nilimlea vizuri.

Ijumaa, 9 Agosti 1996

Zablon amekuja asubuhi. Jezi zinabaki. Sisi ndio tutakaoiwakilisha wilaya mkoani, Sumbawanga. Nimemuuliza habari za kibatari. Amecheka akitazama viatu vyake.

Kanda ya mwisho ya chuo imefika na treni. Ndani yake Kija na wenzake wanakimbia mbio zao kuu. Masunga anataka kuionyesha kwa heshima yetu, nifasiri mimi. Nimekataa. Baadaye nimekubali, lakini baada ya Sumbawanga. Hana na Specioza wamelia: "Mwalimu, tuone tu kama wanashinda!" Hapana. Tumeiga mkono wao. Hatutaiga mwisho wao.

Jumamosi, 24 Agosti 1996. Sumbawanga

Naandika nikiwa nimekaa kwenye benchi la walimu wa timu, daftari juu ya goti. Baridi! Upepo unachukua kofia.

Jana lori lilipita Kibaoni. Evarist alikuwa barabarani na watu wake, wakatusimamisha, wakatupakia sufuria ya wali na kuku. "Safari hii mnakimbia na sisi pia, Mwalimu. Msitutie aibu." Agatha amempa Kabula soksi zake.

Wametangaza mbio zetu. Sumbawanga wana viatu vya miiba. Nkasi ni warefu kama milingoti. Wangu wana miguu yao.

Hana yuko mstarini. Specioza yupo. Marsela kwenye kona anajipiga mapaja. Kabula amesimama mahali pake.

Bendera imeshuka – filimbi! Mmoja wa Nkasi ametangulia kabla ya wakati. Wote wameitwa nyuma. Wanarudi, wananung'unika.

Kabula hakusogea. Hakugeuka kuona kelele ni za nini. Mkono tayari uko nyuma, kiganja wazi, macho kwenye utepe.

Nyuma yangu kuna mama mmoja wa hapa mjini, amejifunika shuka. Anamwambia mwenzake: "Mwone yule binti wa Mpanda. Yule wa kwenye kona ni mkwewe, nimewasikia wakitaniana pale kisimani. Ati kampa kisogo! Huko hawafundishwi adabu?"

Nimegeuka. Nimemwambia: "Mama, subiri mwisho."

Bendera imeinuliwa tena. Naweka kalamu.