Kumi na Mbili si Safi

Dada yangu,

Mimi mzima, na sasa ndimi bingwa wa kupanga glasi hapa kiwandani, usibishe. Paka wako amenenepa kama mto.

Unakumbuka mchezo wa baba? Anataja namba, tunaivunja mpaka isigawanyike tena, na kama hakuna kigawo kinachojirudia, ni safi. Thelathini ni mbili, tatu, tano: safi. Kumi na mbili ni mbili, mbili, tatu; mbili inajirudia: chafu.

Tangu apate kiharusi hasemi. Jana nikamtega, "Mzee, kumi na mbili ni safi!" Zamani angenirushia kandambili: "Mjinga wewe, hesabu upya!" Aliangalia ukuta tu. Nikamkata kucha.

Njoo nawe ukosee. Labda wewe atakusahihisha.

Mdogo wako, mwenye akili zote za nyumba