Wajina Wako Anataka Kukatwa Kope

Mama yangu,

Shikamoo huko uliko. Sisi huku Mpanda tupo, mahindi tumevuna, mguu wangu nao umepona. Lakini sijakaa kuandika habari za mguu.

Ni wajina wako, Kalunde. Yule mjukuu uliyekuwa unamwita "mwenzangu" tangu ananyonya. Anataka kukatwa kope, Mama. Zile kope nzito alizozichukua kwako, zikapitia kwangu. Anauza simu na vocha hapa mjini, na wateja wanamtania, "Dada, amka basi utuhudumie!" Hata mimi nilikuwa namtania. Namwita Bibi Usingizi, nacheka. Sasa sicheki.

Kuna mtu anatoka Dar, anakuja Alhamisi kwenye saluni moja hapa, chumba cha nyuma. Anapunguza ngozi ya kope, anashona, unaenda zako. Wasichana wawili wameshajiandikisha. Nikamvuta Kalunde mpaka hospitali tumuulize daktari wa macho. Daktari hakumgombeza. Alisema upasuaji huo upo, unafanywa na mabingwa, hospitalini. Halafu akasema ngozi ikikatwa ikazidi, jicho halifungi tena, linakauka. Damu ikivujia nyuma ya jicho, mtu anaweza kupofuka. Akauliza, "Nani atakukata?" Kalunde akaangalia viatu vyake.

Jicho halifungi. Mama, siku ile ulipotutoka pale Ugalla mimi ndiye niliyekufumba macho. La kushoto lilikataa. Nililishikilia na kidole, watu wananiita nitoke, nikabaki nalo mpaka likatulia. Sasa mtoto akijilaza mchana nakwenda kumchungulia, kama mwizi ndani ya nyumba yangu.

Nimemsihi. Anasema, "Mama, ni macho yangu." Kweli ni yake. Ila picha yako hatuna hata moja, ile ya kadi ya kura ilinyeshewa. Sura yako imebaki kwake. Hilo sikumwambia. Nitakuwa nimemfunga kamba.

Jana akaniambia, "Kama unaogopa, usije." Nikakumbuka ulivyokuwa ukipika pombe. Mgeni humpi kibuyu kabla hujanywa wewe mbele yake, akuone umesimama, ajue haina sumu. Nikamwambia, basi yule mtu aanze na mimi. Kope ninazo hizo hizo, na mimi watoto nimeshalea. Nilijua atalia, atasema mama tuache.

Akanitazama sana. Akasema, "Sawa mama. Utatangulia."

Mama, neno lilishatoka, sina namna ya kulirudisha. Wewe pumzika. Ninachokuahidi ni hiki: Alhamisi nitakaa kwenye kile kiti cha saluni kabla yake, na mkasi ukishatolewa nitamgeukia Kalunde mara moja tu. Akisema hata neno moja, tunaondoka wote wawili.

Akinyamaza, yule mtu akate.

Ni mimi binti yako,
Mama Kalunde