Wekundu Ulikuwa wa Pazia

Baba,

Usibadilishe maji ya tangi la samaki, ni mazima. Asubuhi kichupa cha kupimia nitrati, ule uchafu wa mabaki ya chakula majini, kilionekana chekundu, nikakuambia mbele ya shangazi kwamba unawalisha samaki mpaka unawachafulia maji. Ukajibu, "Haya, msomi, nimekoma," ukalifungia kopo la chakula kabatini.

Kumbe nilikisoma karibu na lile pazia letu jekundu. Nimepima tena uani sasa hivi: njano kabisa, yaani nitrati iko chini.

Neno likishatoka halirudi, ila kopo limerudi, liko hapa mezani. ~~Walishe kidogo tu.~~ Walishe unavyojua. Mimi nimejaribu kuwalisha, wamejificha kwenye matumbawe. Wanakungoja wewe.

Nimekwenda kwenye usaili. Nisamehe.

Mwanao, msomi wa pazia