Rede Katika Uwanja wa Laeken

Marahaba, mjukuu wangu Rehema. Babu yako anakusalimu. Goti limepoa, sasa analalamikia mvua tu ya hapa Brussels. Mama yako mdogo amehamia Etterbeek, na mwanawe ameanza kutambaa.

Unauliza utafanyaje, mwalimu amekuingiza timu ya besiboli na wewe huijui. Hata mimi sikuijua! Nilikuwa mwanafunzi huku, tukacheza na chuo kingine pale Laeken. Mwenzetu mmoja akaumia, nikasukumwa uwanjani. Nilielewa jambo moja tu: ukizunguka vituo vyote ukarudi ulipoanzia, umepata pointi.

Tulikuwa sare, mchezo unaelekea kwisha. Nimebakiza kipande cha mwisho, nikanaswa: mpinzani mmoja mbele, mwingine nyuma, wanarushiana mpira ili mmojawapo aniguse nao. Wenzangu wakashika vichwa. Mimi nikacheka. Wawili huku na huku, msichana katikati anakwepa, si rede hii? Tumeicheza Morogoro mpaka tukaitwa kula mara tatu!

Nikadhani wananilenga mimi, kama kwenye rede. Nikamgeukia wa nyuma, aliyeshika mpira, nikasimama wima. Ulipokuja usoni, nikachuchumaa. Mwenzake nilikuwa nimemziba, hakuuona, ukampita. Nikageuka, nikatimua mbio mpaka nilipoanzia. Tukashinda! Walinibeba juujuu uwanja mzima.

Ubaoni waliandika ushindi wa besiboli, nami sikuwabishia. Ingia uwanjani, mama. Huenda na wewe utakuta kitu unachokijua.

Ni mimi bibi yako, ambaye mpira haujamgusa mpaka leo.