Taarifa ya Theluji Niliyokuwa Nikimsomea Mama

Nizwa, Jumatano, katikati ya Februari. Baridi kali. Mawingu yamelalia mlima tangu alfajiri.

Leo mji mzima una furaha, na mie nautukana mji mzima kimoyomoyo.

Theluji imeanguka kwenye mlima wetu, Jebel Shams. Tangu asubuhi magari yanapanda, watu na watoto wao na makoti ya kuazima, wanakwenda kupiga picha. Wanaorudi wameijaza nyuma ya pikapu na wanapita nayo sokoni wakipiga honi, utadhani wanaleta bibi harusi. Wallahi nilitamani kufunga madirisha yote. Sina ugomvi nao, maskini. Theluji kwetu ni tamasha, inakuja kwa nadra, jua likitoka inayeyuka, khalas. Nani kawaambia kuwa inaua?

Imemuua mdogo wangu.

Haya, nimeandika. Mbele ya Mama sijathubutu kulitamka.

Kwa asiyetujua: Mundhir alikuwa akisoma uhandisi Kanada. Mwezi uliopita alikwenda na wenzake wa chuo kutembea milimani, mahali pasipo hoteli wala njia ya kutengenezwa, wamevaa vile viatu vipana vya kukanyagia theluji. Mteremko ukameguka, ukamfukia. Hawajampata mpaka leo. Hakuvaa kile kifaa kinachotoa ishara ili aliyefukiwa ajulikane alipo. Wao walidhani ni matembezi tu.

Tangu siku ile nina kazi. Kila asubuhi, kabla sijakwenda skuli kusomesha, nafungua kompyuta, nasoma taarifa ya hatari ya maporomoko ya theluji katika milima ile, kisha namfasiria Mama. Hatari ina daraja, moja mpaka tano. Ikiwa nne, waokoaji hawapandi, maana mlima unaweza kuwafukia na wao. Ikiwa mbili, wanapanda. Basi mama yangu, mzaliwa wa Unguja, ambaye baridi aliyokuwa akiijua ni ya friji, sasa anajua kuwa upepo ukivuma theluji hujazana upande wa pili wa kilele. Anajua kuwa chini kuna tabaka bovu, chembechembe zisizoshikana, kama sukari, na juu yake limekaa tabaka gumu, zito, linangoja mguu wa mtu tu.

"Ile sukari bado ipo?" huniuliza.

Bado ipo, Mama.

"Mungu ailaani," husema, kisha hustaghfiru.

Walipopeleka mbwa wa kunusa nilisita kumwambia, maana mbwa kwetu ni najisi. "Waende," akasema. "Waende hata mia."

Baba yeye anataka tumswalie swala ya ghaibu, ile ya maiti asiyekuwepo, afungue sabla, ile baraza ya ukoo wao kule kwao Mudhaibi, watu waje kutupa pole, yaishe. Anasema aliyefukiwa ni shahidi. Mama hataki kusikia. Hajaoshwa, hajakafiniwa, nani kasema ni maiti? Hata majirani wanajua tu kuwa Mundhir kapotea safarini. Kapotea vipi, Mama hataki yasemwe. Wazee wangu sijawaona wakigombana hivi. Wanakula kila mtu na chumba chake, na mie katikati na masinia.

Juzi Baba kaniuliza, "Lakini alifuata nini kule juu?"

Nikamwambia alipanda kuswali Adhuhuri. Ni kweli, lakini si yote. Yote kanieleza Idris, mwenzake wa Malaysia, kwa simu, huku analia. Walikuwa wamepumzika bondeni, ndani ya miti iliyosongamana, wanakula. Mbingu ikatanda. Mundhir akainuka, akasema kwao mtu hakai bondeni mawingu yakifunga. Akawatania, ati nyie hamuogopi maji? Akachukua mswala wake akapanda pembeni, kwenye mteremko mweupe usio na mti hata mmoja. Ndio ulioondoka naye. Wale waliobaki kwenye miti hawakupata hata mkwaruzo.

Nani kamfundisha hivyo? Baba, nani mwengine. Sote katufundisha. Tukienda Mudhaibi, likidondoka tone moja la mvua, Baba anatutoa mbio kwenye wadi, lile bonde kavu la mto, tunakaa juu mpaka maji yapite, maana wadi za huku hubeba gari na watu wake. Mundhir kafanya kama mtoto aliyelelewa vizuri. Na zile taarifa zinasema mteremko mtupu katikati ya msitu uogopwe: miti haipo kwa sababu theluji hupita hapo ikaing'oa. Angejuaje? Milima yetu sie yote ni mitupu. Hakuna mtu wa Nizwa anayeutazama mlima akajiuliza miti imekwenda wapi.

Hili Baba halisikii kwangu. Ng'o.

Leo sasa. Taarifa ya asubuhi ilisema daraja la pili. Mbili! Nilipomsomea Mama uso ukamfunguka, akaniambia nisiende skuli, nifunge intaneti ili laini ya simu iwe wazi, maana vyote viwili hupita waya mmoja. Akaingia jikoni, yeye ambaye tangu mkasa huu hajagusa mwiko, akaumua mkate wa kumimina. Nikamsikia akiimbaimba. Jamani.

Simu ikalia. Bwana mmoja wa waokoaji, mpole sana, afadhali angekuwa mkali. Akasema hatari imepungua kwa sababu theluji yote sasa imeshikana, imekuwa ngumu kama saruji. Walipanda mchana wa kwao, sie tumelala, wamechokoa kwa fimbo zao ndefu kila wanapoweza kufika, na fimbo haziingii tena. Wanasitisha. Watarudi itakapoyeyuka.

Nikamshukuru. Kwa Kiingereza changu cha ualimu, nikamshukuru!

Sikumwambia Mama. Nikatoka uani nikajifanya nakunja nguo. Ndipo akaja jirani yetu, mama mmoja mwema kupita kiasi, kabeba boksi la barafu la kwenda nalo pikiniki. Bi Zuhura, akamwambia Mama, wewe hukujaaliwa kupanda, tumekuletea nyumbani. Akafungua. Lilikuwa limejaa theluji ya Jebel Shams. Mama akamshukuru, akampa kipande cha mkate, akamsindikiza mpaka mlangoni kwa adabu zote.

Akarudi, akachutama mbele ya lile boksi. "Ndiyo hii?"

"Ndiyo hii, Mama."

Akauzamisha mkono mpaka kwenye kifundo. Nikadhani atautoa mara moja. Hakuutoa. Alikuwa anautazama ukuta. Nikamwambia utakufa ganzi, Mama, toa mkono. Mwisho nikaushika nikautoa mwenyewe, mwekundu, vidole havikunjiki, na hapo hapo nikiwa nimeushika nikamwambia. Wamesitisha, Mama. Watarudi ikiyeyuka.

"Huko inayeyuka lini?"

"Labda mwezi wa sita."

Akaufuta mkono kwa kanga, kidole kimoja kimoja. Hakulia. Akasema kwa sauti yake ya kawaida, ile ya kuagizia vitu dukani:

"Mtu hahimili hii. Mwambie baba yako afungue sabla."

Nilikuwa nadhani siku ugomvi wao utakapokwisha nitapumua. Wapi! Nimekwenda kumwambia Baba, na Baba aliyekuwa akiitaka azza, hayo matanga, kila siku kakaa chini sakafuni kwenye ukumbi, kajifunika uso na kilemba chake. Na mie niliyekuwa najiona ndiye mwenye akili humu ndani, najua kila kitu, namsomea Mama kwa huruma tu, nimejifungia chooni nikalia mpaka nikatapika. Kumbe nilikuwa nangoja kama yeye. Kumbe kila nilipoifungua ile taarifa nilikuwa natafuta jina lake.

Sasa Baba anapiga simu Mudhaibi, namsikia anawaambia watu mmoja mmoja. Mama kalala, au kajilaza tu.

Kesho nitaamka saa ile ile, nijijuavyo, na nitafungua kompyuta. Nimsomee nani?