Mama na gari la klachi mbili

Rosalba, sikia haya. Tumetoka kununua gari sasa hivi.

Unajua mguu wa kushoto wa Mama hauna nguvu tangu apate kiharusi. Muuzaji akamwonyesha otomatiki ya klachi mbili, gia zinajibadilisha zenyewe, hakuna pedali ya klachi ya kukanyaga. Mama akakaa kwenye usukani anacheka kama msichana. "Milima yote ya Manizales nitaipanda mwenyewe!"

Kaka Everaldo, anayelipia, akasema, "Tupe ya gia za mkono."

"Lakini mama hataweza kukanyaga klachi," muuzaji akamwambia.

"Najua. Ndiyo maana naitaka."

NDIYO MAANA! Mbele ya Mama!

"Akiweza kuendesha, nani atakaa na wanangu?"

Mama akanigeukia, akingoja nimtetee. Rosalba, nikajifanya nasoma simu.

Akashuka mwenyewe, ule mguu akiuinua kwa mikono miwili.